Marejesho Hayasubiri Mahafali

Jumapili iliyopita, katika ibada ya kuwaombea vijana waliomaliza kidato cha nne, mhubiri aliwasimamisha wazazi akawaambia: "Kopa, mama. Mtoto akishasoma afya, deni litajilipa lenyewe." Kanisa zima likaitikia amina. Mimi sikuitikia, na mpaka leo moyo haujatulia, maana waliosimama wengi ni wanawake wa Kariakoo: wauza vitenge wa Mtaa wa Kongo, mama lishe wa Gerezani, wachuuzi wanaopanga mali chini Mtaa wa Msimbazi. Watu hawa hawana haja ya kuhimizwa kukopa. Wamekopa tayari, na wiki hii wanadaiwa.

Imani yenyewe kila mtu anaijua. Muulize mzazi kwa nini anampeleka binti yake kusomea cheti cha uuguzi, famasia au maabara, atakwambia afya haina njaa, wagonjwa hawaishi. Ni kweli wagonjwa hawaishi, lakini mgonjwa hamlipi muuguzi mshahara. Nafasi ya kazi serikalini inatoka kwenye bajeti ya mishahara na kibali cha ajira, na foleni ya zahanati haiongezi hata kimoja kati ya hivyo. Tumesahau mwaka 2016? Ajira mpya zilisimamishwa katikati ya mwaka ule ili watumishi wahakikiwe, na Aprili 2017 Rais Magufuli akakabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wagonjwa hawakupungua hata mmoja kipindi kile. Vijana waliohitimu na vyeti halali wakakaa nyumbani, na wazazi wao wakaendelea kulipa.

Hapo kwenye kulipa ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu hapo ndipo wahubiri, wajomba na mawakala wa vyuo wanapopita mbio. Anayekopeshwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu anaachwa kwanza amalize chuo. Akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, na makato hayo yanauma, lakini yanakatwa kwenye mshahara uliopo. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 bodi imeanza kuwakopesha hata wa stashahada, tena kwa kozi zilizoteuliwa. Wa cheti bado yuko nje ya mlango. Deni lake linaandikwa kwa jina la mama, kwa mkopeshaji wa mtaani, na marejesho yanaanza wiki inayofuata, kabla binti hajajua hata kupima presha.

Nilionyeshwa daftari la mama mmoja anayeuza vitenge, la jalada gumu, kona zimelowa mafuta ya kula. Mkopo laki tano. Marejesho elfu hamsini na tano kila Jumatatu, wiki 12. Jumla 660,000. Amekopa hivyo mara nne kwa mwaka ili kutimiza ada, hosteli, sare, hela ya mitihani na ya mafunzo kwa vitendo. Riba peke yake kwa mwaka ni 640,000. Kwa miaka miwili ya cheti ni 1,280,000, na ada ya chuo cha binti yake ni 1,400,000 kwa mwaka. Mama huyu amelipia karibu mwaka wa tatu ambao hakuna mtu aliyeusoma.

Na hao wakopeshaji wanaachwa tu. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo, na Novemba 2024 ikayapiga marufuku majukwaa 69 ya kukopesha kwa simu. Vizuri sana. Lakini mkopeshaji wa mtaani wa Kariakoo, yule tunayemwita kausha damu, hatumii programu ya simu, anakuja na kalamu na daftari, na sijamwona mkaguzi akimfuata. Mei 2023, maduka yalipofungwa kwa mgomo dhidi ya Mamlaka ya Mapato (TRA), biashara ilikufa kwa siku kadhaa. Mkopeshaji alikuja siku yake ile ile.

Turudi kwa binti. Alihitimu famasia ngazi ya cheti, akapata kazi kwenye duka la dawa mjini. Anasimama kaunta kuanzia asubuhi hadi saa mbili usiku kwa laki mbili kwa mwezi. Marejesho ya mama yake kwa wiki nne ni 220,000. Mshahara wote wa mtoto, bila nauli wala chakula, haufikii deni la mwezi mmoja. Na huyu amebahatika. Wenzake wanajitolea hospitalini, wanabeba zamu za usiku kama walioajiriwa, na malipo yao ni cheti cha shukrani.

Wananiambia serikali imepandisha kima cha chini cha watumishi wake kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Sawa, mpelekeeni habari hiyo aliyeajiriwa. Mwingine ananiambia, eti asipoajiriwa atafungua duka lake la dawa. Huyo hajawahi kutafuta fremu Kariakoo. Kuna kilemba, hela ya kuachiwa fremu tu, kuna kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele, kuna kibali cha Baraza la Famasia, kuna mtaalamu msimamizi wa kulipwa. Familia iliyokopa laki tano za ada kwa wiki 12 itaokota wapi mamilioni ya kilemba? Ni hoja ya kitoto, na inaniudhi zaidi inapotoka kwa mtu mzima mwenye duka. Tena baadhi ya maduka hayo yanatundika ukutani cheti cha mtaalamu kilichokodiwa, halafu anayekupa dawa ni kijana asiye na mafunzo yoyote, kwa sababu ni wa bei rahisi. Binti aliyesoma kwa damu ya mama yake anashindanishwa na huyo.

Kila mwaka Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) linatoa kitabu cha mwongozo wa udahili: jina la chuo, kozi, sifa za kujiunga, ada, idadi ya nafasi. Waongeze safu moja. Katika waliohitimu kozi hii miaka mitatu iliyopita, wangapi wana mshahara leo, na wa shilingi ngapi? Mpaka safu hiyo ichapishwe, mama, mwulize msajili wa chuo swali hilo hilo ana kwa ana, na akianza kukuhubiria kuhusu wagonjwa wasioisha, hela ya fomu irudishe kwenye pochi.