Siku ya 21
Nimefurahi mno kuisoma makala hii ya kuangua mayai ya kuku darasani, kwani nami, zamani nilipokuwa nikisomesha darasa la tatu, tulilishika yai la siku ya saba ya kuatamiwa mbele ya taa katika chumba cha giza, na watoto, waliokuwa wakipiga kelele, wakanyamaa ghafula walipoiona mishipa myekundu imetambaa kama mizizi na nukta nyeusi ya jicho ikitikisika. Ila nakusihi, Mwalimu uliyeiandika, kwa taadhima: siku ya 21, kifaranga ahangaikapo kulitoboa ganda kwa kijino cha nchani mwa mdomo, kazi iwezayo kuchukua usiku kucha, wanafunzi wako wasimbandulie ganda kwa huruma, kwani huenda damu ingali ikipita katika utando na kiini hakijaingia chote tumboni; wetu mmoja tulimpoteza hivyo, na watoto walilia.