Beni na Butembo: chumba tupu hakimlishi mwenye hoteli

Tangu Goma ianguke mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, utawala wa jimbo la Kivu Kaskazini umehamia Beni. Maofisa na wafanyakazi wa mashirika wamefuata. Butembo nayo ilikuwa imekwisha kupokea familia nyingi zilizokimbia kusini mwa Lubero, baada ya Kanyabayonga kuanguka mwezi wa sita 2024. Wengi wamepokewa na ndugu, lakini wenye kukosa ndugu hubisha kwanza kwenye hoteli ndogo.

Mwenye hoteli akipandisha bei, hajavunja sheria. Sheria ya tarehe 9 mwezi wa saba 2018 inaacha bei huru, na yeye ana mafuta ya jenereta, walinzi na kodi za kulipa. Kosa ni kumtoza mama mwenye watoto watatu, anayelipa kutoka mfukoni mwake, bei ileile ya mtu ambaye shirika lake linamlipia.

Hata hesabu inakataa. Mfano, hoteli ina vyumba 10 na inadai dola 30 kwa usiku. Ikipata wageni 4, inaingiza dola 120, na vyumba 6 vinalala tupu. Usiku uliopita hauuzwi tena kesho. Vyumba hivyo 6 vikipewa familia kwa dola 8, zinaongezeka dola 48, na mlinzi ni yuleyule.

Tena watu wa Beni na Butembo wamekwisha kuona mambo haya. Ebola ilitangazwa mwezi wa nane 2018, timu zikaja na dola, bei za nyumba na vyumba zikapanda. Tarehe 25 mwezi wa sita 2020 ugonjwa ukatangazwa kuisha, na timu zikaenda. Aliyebaki ni raia, na raia hasahau aliyemfungia mlango.

Basi wenye hoteli wabandike bei kwenye mapokezi, waweke bei ya wiki kwa familia zilizokimbia vita, na wasihesabu mtoto kama mgeni mzima. Mameya wa miji hii miwili na FEC wanaweza kuwaita wakae pamoja na kupatana. Mgeni wa dola 30 ataondoka siku Goma itakapofunguka. Familia iliyohifadhiwa vizuri leo itarudi kesho kama mteja, na italeta wengine.