Ndoto Ileile Kila Juma

Mama mmoja ameniandikia barua ndefu, nami nimemwomba ruhusa nimjibu hapa, maana najua nyumba nyingi zina shida kama yake. Jina lake halihitajiki. Masika yaliyopita alikuwa akivuka mto pamoja na mtoto wake wa mwisho, mwenye miaka saba. Mtoto akateleza, maji yakamchukua hatua chache, mama akamdaka kwa shati. Mtoto ni mzima, hakuumia hata ukucha. Lakini tangu siku ile mama aota jambo lilelile, mara mbili tatu kila juma: mtoto anakwenda na maji, naye ataka kupiga kelele na sauti haitoki. Huamka jasho limemlowesha, akapapasa kitandani kuona kama mtoto yupo.

Hayo peke yake ni mzigo wa kutosha. Kumbe mama mkwe alipopata habari ya ndoto akaenda kwa mpiga ramli, na mpiga ramli akasema yuko mwanamke wa ukoo, asiye na mtoto, mwenye kijicho. Basi wote wakamtazama wifi. Sasa ni miezi miwili mama huyu hali chakula cha wifi yake, na mtoto haendi shule, maana shule iko ng'ambo ya mto. Mwisho wa barua auliza: ndoto inayorudi namna hii, si lazima iwe na maana?

Ndiyo, mama, ina maana. Lakini siyo ile mliyouziwa.

Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, wa Chuo Kikuu cha Chicago, walieleza waliyoyaona kwa kuchunguza watu waliolala. Kuna nyakati macho ya aliyelala huenda mbio huku na huku chini ya kope, na ukimwamsha hapo, mara nyingi atakusimulia ndoto. Nyakati hizo hurudi kila baada ya dakika kama 90, na kadiri kunavyokaribia kucha ndivyo zinavyorefuka. Ndiyo sababu ndoto mbaya hupenda kuja majogoo. Tena wakati huo misuli ya mwili imelegea, tusije tukainuka na kutenda tunayoyaota. Mtu akizinduka kabla mwili haujaamka, hujiona amekandamizwa kifuani, hawezi kusema wala kugeuka. Hilo ndilo jinamizi ambalo wazee wetu walilijua sana. Mwaka 1995 huko Pemba na Unguja watu walilala nje makundi kwa makundi kwa kumhofu Popobawa, na wako wataalamu walioona kwamba mengi yaliyosimuliwa siku zile yafanana mno na jinamizi.

Mimi mwenyewe nina ndoto yangu. Naota nimo katika chumba cha mtihani, kalamu haina wino, na maswali ni ya somo nisilolisoma kamwe. Mtihani ule nilifaulu zamani, nywele zangu zikiwa nyeusi! Kwa miaka mingi nilicheka tu, mpaka mke wangu aliponiambia, "Mbona hukujia kila unapofunga hesabu za chama?" Nikakumbuka, nikaona ni kweli. Hofu ilikuwa ya leo, nguo zake tu ndizo za zamani. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza nyoka ni nani au mto ni nani. Jiulize mchana waogopa nini, na ndoto hukujia baada ya siku ya namna gani.

Yako, mama, ni nyepesi kufumbua kuliko yangu. Ulikiona kifo cha mwanao kwa macho yako. Watu walikuambia umshukuru Mungu, wakaenda zao, wala hakuna aliyeketi akusikilize unavyotetemeka. Hofu uliyoimeza mchana yarudi usiku.

Mama mkwe asema Farao naye aliota mara mbili. Vema, na asome mpaka mwisho. Yosefu hakumtaja jirani wa Farao kuwa mchawi. Alishauri nafaka iwekwe ghalani. Tena kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 34, kinawaonya wazi wanaoziegemea ndoto.

Basi fanya hivi. Mchana, ukiwa umetulia, isimulie ndoto yako kwa mumeo au kwa rafiki. Kisha igeuze upendavyo: maji yapungue, au sauti itoke na watu waje mbio, au mtoto aogelee acheke. Ndoto hiyo mpya uipitie moyoni dakika kumi au ishirini kila siku. Usidhani ni mchezo. Mwaka 2001 daktari Barry Krakow na wenzake huko Marekani walitoa habari za wanawake waliokuwa wamenajisiwa, na waliofundishwa njia hii walipungukiwa sana na ndoto mbaya.

Angalia pia dawa. Efavirenz, iliyotumiwa na watu wengi wenye virusi vya UKIMWI kabla ya dolutegravir kushika nafasi yake, ilijulikana kwa kuleta ndoto kali. Propranolol ya shinikizo la damu yaweza kuzileta vilevile. Usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe, mwambie mganga wa zahanati. Na wanaume wanaokunywa pombe ili walale wajue kwamba pombe huzizuia ndoto mwanzoni mwa usiku, kisha hurudi kwa nguvu alfajiri. Mtu akifika hali ya kuogopa kulala, au kutamani kufa, asingoje, aende hospitali.

Limebaki la mto, maana mto si ndoto. Mumeo na majirani wakate miti wafanye daraja kabla ya mvua, na siku za mafuriko mtu mzima avuke na watoto, au wasivuke. Lakini sasa maji ni machache, na mtoto apelekwe shule Jumatatu.

Na wifi yako, ambaye miezi miwili hii amepikia watu wasiokula, mwendee wewe mwenyewe. Usingoje ndoto ikome kwanza. Nenda mchana, uketi jikoni kwake, na akikupakulia, ule.