Sabuni ya Ndevu Ikinuka

Mwezi uliopita mzee mmoja wa kigango chetu alinijia na mkebe wa sabuni ya kunyolea ndevu, alioachiwa na marehemu kaka yake. "Karani, mwanangu," akaniambia, "nataka kujinyolea sabuni hii siku ya harusi ya binti yake, maana mimi ndimi nitakayesimama mahali pa baba. Lakini inanuka." Nikainusa. Kweli, ilinuka kama mafuta ya zamani.

Sabuni hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali. Ikikaa miaka mingi, hewa huyachachisha yale mafuta, na joto na unyevu huzidisha. Dalili yake ni madoa ya rangi ya chungwa. Kuipaka manukato ni kujidanganya.

Tuliikwangua juu kwa kisu, tukaianika kivulini penye upepo siku tatu. Mkebe tuliuosha kwa maji ya moto, tukaukausha. Harufu ikiwa ya juu tu, hayo hutosha. Na brashi pia inuseni! Mara nyingi mkosaji ni yeye, kwa kufungiwa mkebeni angali maji. Isuuzwe, ikung'utwe, itundikwe ikauke.

Siku ya nne tukanusa tena: uvundo umeingia mpaka ndani. Hapo nikamkataza, kwani sabuni iliyochacha yaweza kuwasha ngozi iliyotoka kunyolewa. Yafaa kufulia tu. Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akaenda dukani, akanunua sabuni mpya, akaitia katika mkebe ule ule wa kaka yake.