Domeni ni ya Mteja, Si Yako

Samahani kwa ukimya wa wiki hizi mbili. Kazi zilirundikana, na stima nayo ilikuwa ikija na kwenda inavyotaka.

Tangu nilipoandika kwamba nimehamishia kazi zangu nyumbani Uriri, nimekuwa nikipokea barua pepe za vijana zenye swali moja. Nimemaliza digrii ya kompyuta, najua HTML, PHP na WordPress, Nairobi kazi hakuna. Je, naweza kufungua ofisi ya ushauri wa mtandao nikiwa kijijini, nianze na kutengeneza tovuti? Nimewajibu mmoja mmoja kwa kifupi. Leo nataka kujibu kwa urefu, na najua baadhi yenu mnaofanya kazi hii hamtafurahi.

Maoni yangu ni kwamba inawezekana kabisa, na kwamba ufundi wako si jambo litakaloamua kama utadumu. Kitakachoamua ni swali ambalo wateja wengi hawajui hata kuliuliza: jina la hiyo tovuti limeandikishwa kwa nani?

Kwa wasioijua Uriri, tuko kwenye barabara kuu ya A1, kati ya Awendo na mji wa Migori. Miwa, mahindi, tumbaku kiasi. Kwa matatu unafika Rongo upande mmoja na Isebania, mpakani na Tanzania, upande wa pili. Ukishukia Rongo unapata gari la Homa Bay. Katika njia hiyo kuna shule za binafsi, gesti, kliniki, maduka ya hadiwea, agroveti, saka, vikundi vya akina mama, makanisa yenye kwaya zinazorekodi video. Mtu akikuambia huku hakuna wateja, muulize ameingia maduka mangapi.

Umbali nao si hoja tena. Kabla ya 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na ya kobe. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, na M-Pesa ilikuwa imeshaanza tangu 2007. Leo naweza kukaa hapa Kanyamkago, seva ikiwa Ujerumani, mteja akiwa Homa Bay, na malipo yakaingia kwa simu kabla chai haijapoa. Kwa hiyo tuache kulia kuhusu umbali, tuzungumzie uaminifu.

Mwaka jana aliniita mwalimu mkuu wa shule moja ya binafsi katika kaunti hii. Tovuti ya shule ilikuwa imezimika, tena majuma yale ambayo wazazi wanatafutia watoto nafasi. Yeye alidhani imevamiwa na wahalifu wa mtandao. Nikaitafuta kwenye WHOIS, lile daftari la wazi la domeni, nikakuta muda wake umekwisha na haikulipiwa. Jambo dogo, nikamwambia, tuingie kwenye akaunti tulipie. Akaunti gani? Akapekua faili lake lote. Hakuna risiti ya usajili, hakuna nenosiri, kuna namba ya simu tu ya kijana aliyetengeneza tovuti. Tukampigia. Akasema bila kusitasita kwamba domeni ni yake, iko kwa barua pepe yake, na ataiachilia kwa KSh 40,000. Tovuti nzima ilikuwa imegharimu KSh 15,000.

Mwalimu akaweka simu mezani, akaniangalia. "Sasa kijana wangu, mimi nilinunua nini?"

Nikamjibu, "Mwalimu, hukununua. Ulikodi."

Huyo kijana si peke yake. Nimekutana na kesi za namna hiyo Awendo, Rongo na hata Kisii. Wengine hufanya kwa makusudi. Wengine, nadhani ndio wengi, husajili kwa jina lao kwa sababu ni haraka zaidi, kisha wanapata kazi Nairobi, wanabadilisha namba, na mteja anabaki na tovuti isiyo na mlango. Kwa mteja hakuna tofauti. Na mteja aliyeumwa mara moja hatamwita mwingine. Anawaambia wenzake kwenye mkutano wa wakuu wa shule kwamba watu wa kompyuta ni matapeli, na wewe unayeanza wiki ijayo unakuta milango imefungwa kabla hujabisha. Huku watu wanajuana. Ukimdhulumu mtu wa Awendo asubuhi, jioni Oyani wamesikia.

Najua utetezi wenu, kwa sababu nimeusikia mara nyingi. Mnasema wateja hawamalizi malipo, na domeni ndiyo dhamana pekee mliyo nayo. Hilo la kutolipwa ni kweli tupu. "Nitakutumia jioni" inaweza kuchukua miezi mitatu. Lakini dhamana yenu ni kazi yenu. Chukua nusu kabla ya kuanza. Jenga tovuti kwenye seva yako, kwa anwani ya muda, mteja aitazame huko mpaka aridhike. Akimaliza kulipa, ihamishie kwenye domeni yake. Asipomaliza, unabaki na kazi yako na nusu ya pesa, naye anabaki na jina lake. Jina la shule ya watu si shati la rehani.

Namna ya kufanya ni rahisi, na sielewi kwa nini haifundishwi vyuoni. Domeni zote za .ke zinasimamiwa na KENIC, nazo zinauzwa na wasajili walioidhinishwa. Kaa na mteja, fungua akaunti kwa msajili kwa kutumia barua pepe ya mteja. Kama hana, mfungulie kwanza, ya ofisi, si ya mpwa wake. Alipe kwa M-Pesa yake mwenyewe ili kumbukumbu ibaki kwenye simu yake. Wewe jiandikishe kama mhusika wa kiufundi tu. Mwonyeshe mahali unapopatikana ule msimbo wa siri wa kuhamishia domeni, mwambie anayeushika huo ndiye anayeshika jina, kama hati ya shamba. Mlinganisho wa hati ya shamba hauna haja ya maelezo zaidi katika sehemu hii ya Kenya.

Na chagua mwisho unaofaa. Shule za msingi na sekondari zina .sc.ke, ambayo haitolewi kwa mpita njia. Lazima uthibitishe kwamba ni shule. Mashirika yasiyo ya biashara yana .or.ke, biashara .co.ke, na tangu 2017 unaweza kuchukua .ke tupu. Nikiona shule imewekwa kwenye .com bila sababu, najua fundi alikuwa na haraka.

Msidhani ni tatizo la vijijini tu. Chukueni eCitizen, mfumo ambao karibu kila Mkenya ameutumia kupata cheti au leseni. Ulianza 2014, ukajengwa na kampuni binafsi, na kwa miaka mingi swali la nani hasa anaumiliki likazunguka kutoka mahakamani hadi kwenye ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Serikali nzima, yenye mawakili wake wote. Ikiwa huko juu makaratasi ya umiliki hayakueleweka tangu siku ya kwanza, mwalimu mkuu wa Migori angejuaje?

Haya, tuje kwenye pesa, maana najua ndiko mlikokuwa mnasubiri.

Ukitangaza tovuti kwa KSh 5,000, kama ninavyoona kwenye makundi ya WhatsApp, ukatoa domeni na nafasi ya seva ya mwaka wa kwanza, kinachobaki hakifiki nusu. Hapo bado nauli ya kwenda kwa mteja mara nne na bando. Utahitaji mteja mpya kila siku chache ili ule, na Uriri haina wateja wapya kila siku chache. Mimi natoza KSh 35,000 kwa tovuti ya kurasa tano, na wengi wanakataa. Hainisumbui, kwa sababu si hiyo inayonilisha. Kinachonilisha ni KSh 12,000 kwa mwaka ambazo mteja analipa ili nitunze tovuti: kusasisha WordPress na programu zake ndogo, kuweka nakala ya akiba, kubadilisha karo na namba za simu, kumkumbusha domeni kabla haijaisha. Wateja 20 wa namna hiyo ni KSh 240,000 kwa mwaka, yaani 20,000 kila mwezi kabla sijatengeneza tovuti mpya hata moja. Si utajiri. Ila kwa mtu asiyelipa kodi ya nyumba Nairobi, ni msingi wa kusimamia.

Sasa angalieni vizuri. Wateja hao 20 wanaweza kuniacha leo. Funguo wanazo. Wanakaa kwa sababu kila mwaka wananiona nikifanya kazi. Yule kijana wa KSh 40,000 alipata mateka mmoja na hakumpata mteja tena.

Neno "ushauri" nalo tulitumie kwa haki. Wengi wanaliandika kwenye kadi kwa sababu linasikika kubwa kuliko "natengeneza tovuti". Mshauri ni yule anayeweza kusema usinunue. Mwenye agroveti mmoja alinijia akitaka tovuti kama ya benki, picha zinazotembea na kila kitu. Nikamuuliza wateja wake wanampataje. Wanapiga simu, au wanapita. Nikamwambia huhitaji tovuti mwaka huu. Unahitaji duka lako lionekane kwenye ramani ya Google likiwa na namba sahihi na saa za kufungua, na WhatsApp ya biashara yenye orodha ya mbegu na dawa na bei zake. Tulifanya vyote kwa saa moja na nusu, nikamtoza KSh 1,500. Rafiki yangu mmoja aliponisikia alinicheka: umefukuza 35,000. Miezi minane baadaye shemeji yake yule bwana, mwenye malori ya kubeba miwa, akanipigia. Huyo alihitaji mfumo mzima wa kufuatilia safari na mafuta, kazi kubwa kuliko tovuti zangu zote za mwaka huo. Hakuuliza bei mara mbili.

Kuna upande mwingine wa ushauri ambao mafundi wengi wanaupita kimya, nao ni sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Chini ya kanuni zake, biashara ndogo, yenye mapato yasiyozidi KSh milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, kwa kawaida haihitaji kujiandikisha kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Lakini shule, watoa huduma za afya na hoteli wanatakiwa kujiandikisha hata wakiwa wadogo. Someni tena orodha hiyo, kisha mwangalie wateja wetu ni akina nani. Mnamo Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilipigwa faini ya KSh 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kila tovuti ya shule ninayoiona huku ina watoto wakitabasamu kwenye ukurasa wa kwanza. Mimi sipandishi picha hata moja ya mtoto kabla mwalimu hajanionyesha fomu zilizotiwa sahihi na wazazi, na fomu yenyewe nimewaandalia bure. Picha zenyewe nazipunguza ukubwa kwanza, kwa sababu picha ya MB 4 kutoka kwenye simu inamla mzazi bando lake. Lakini hilo nililiandika zamani.

Kodi nitaigusa kidogo tu, maana inachosha. Andikisha jina la biashara kupitia eCitizen, pata PIN, jiunge na eTIMS. Tangu Januari 2024 mteja anayetaka KRA imkubalie gharama aliyokulipa anahitaji ankara ya eTIMS, na shule kubwa zitakuuliza. Mteja akikulipa ada ya ushauri ya KSh 24,000 au zaidi kwa mwezi, anatakiwa akate 5% na kuipeleka KRA. Msigombane naye, hajawaibia. Mdai cheti cha makato, maana kiasi hicho kinahesabiwa kwenye kodi yenu ya mwaka.

Mtauliza mwalimu aliishia wapi. Nilimshauri asilipe zile 40,000, wala asitumie mwaka mzima kwenye ugomvi, ingawa KENIC ina utaratibu wa kusuluhisha migogoro ya domeni. Jina la zamani halikuwa na umaarufu wa kupigania. Tukaandaa barua na cheti cha usajili wa shule, tukaomba .sc.ke, akaunti kwa barua pepe ya ofisi, nenosiri ndani ya bahasha kwenye sefu ya mhasibu. Tovuti mpya ina kurasa nne. Ya karo ndiyo inayosomwa zaidi.

Kwa wale walioniomba nakala ya mkataba ninaotumia: nitauweka hapa wiki ijayo, ukiwa umeandikwa Kiswahili cha kueleweka na mtu ambaye hajasoma sheria. Kifungu cha tatu ndicho kinachozungumzia domeni. Mwenye kukipinga aje na hoja, nitazijibu zote.