Soka la Katumbi: faida ya nani?

NCHELENGE – Wapo matajiri wengi Afrika waliomwaga fedha katika soka, lakini mmoja wao ni jirani yetu. Moïse Katumbi alizaliwa mwaka 1964 Kashobwe, ng'ambo ya mto Luapula, si mbali na Nchelenge. Familia yake ilianza na samaki wa ziwa Mweru, waliouzwa kwa kampuni ya shaba ya Gécamines kulisha wafanyakazi wake. Baadaye yeye mwenyewe aliingia kwenye migodi kupitia kampuni yake ya MCK.

Mwaka 1997 alichukua uongozi wa TP Mazembe ya Lubumbashi. Matunda yalionekana: Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015, na uwanja wa klabu uliofunguliwa Kamalondo mwaka 2011. Desemba 2010 Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu.

Zambia nayo ilinufaika. Stoppila Sunzu, aliyefunga penalti iliyotupa Kombe la Afrika mwaka 2012, na Rainford Kalaba walikuwa wachezaji wa Mazembe. Watanzania Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu nao walipata ajira huko.

Hata hivyo, wananchi hawakuwa na kauli moja. Mashabiki walimwona mkombozi. Wapinzani wake walisema soka ni ngazi ya siasa, kwa kuwa alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015. Ushabiki nao una gharama zake: Mazembe ilipofungwa 3-0 na Inter Milan katika fainali ile, vijana wa Lubumbashi walivamia maduka ya Wachina kwa sababu mwamuzi, ambaye ni Mjapani, walimdhania Mchina. Waliolipia hasira ile ni wafanyabiashara ambao hata uwanjani hawakuwapo.

Kisha siasa ikageuka. Katumbi aliondoka nchini mwaka 2016, na Agosti 2018 alizuiwa kuingia kupitia Kasumbalesa, mpaka uleule tunaopitisha mizigo yetu. Alirudi mwaka 2019. Mazembe haikufa: ilitwaa Kombe la Shirikisho 2016 na 2017. Lakini timu ya wanaume haijatwaa tena Ligi ya Mabingwa tangu 2015.

Hapo ndipo penye somo. Anayeuza samaki Kashikishi anajua hatari ya kuwa na mnunuzi mmoja tu: akikwama, mzigo unaoza. Klabu inayotegemea mfuko wa mtu mmoja iko katika hali hiyohiyo. Kilichoisaidia Mazembe kusimama ni vile vitu vilivyobaki hata mwenyewe alipokuwa mbali: uwanja, jina na wachezaji.

Kwa hiyo tajiri yeyote akija pwani ya Mweru na jezi na mipira, tumpokee kwa shukrani, lakini tumwulize pia: ukiondoka, nini kitabaki? Wahenga walisema, mtegemea cha ndugu hufa maskini.