Uuguzi kwa Mtu wa Makamo: Stashahada au Shahada?

Watu wa makamo wanaoacha ukarani, ualimu au duka wakataka kusomea uuguzi hapa Tanzania, aghalabu huuliza kwanza ada ni kiasi gani na chuo kipi kina sifa, wakachelewa kuuliza lililo zito kuliko hayo: siku nitakayopewa leseni, nitakuwa na umri gani? Kwa kijana wa miaka 20 swali hilo halina uzito. Kwa mwenye miaka 40 ndilo la kukatia shauri.

Hesabu yenyewe ni sahali. Shahada ya uuguzi huchukua miaka minne, ukafuata mwaka mmoja wa utarajali. Stashahada ni miaka mitatu. Na njia zote mbili huishia kwenye mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Basi aliyeianza shahada na miaka 40 humaliza na 45, ilhali matangazo ya ajira za serikali kwa desturi humtaka mwombaji ambaye umri wake hauzidi miaka hiyo hiyo 45, hata mtu akirudia mwaka mmoja tu, au nafasi zikichelewa kutangazwa, mlango umekwisha fungwa. Tena kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na pensheni hudai michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15 kamili. Asiye na michango ya nyuma hana hata mwezi mmoja wa kupoteza. Ama mkopo wa elimu ya juu asiutumainie, kwa kuwa Bodi ya Mikopo imeweka mpaka wa miaka 35, na ada ataitoa mfukoni mwake, pale pale anapotoa za wanawe.

Kwa hiyo rai yangu ni stashahada. Sikanushi fadhila za shahada, kwani ndiyo njia ya ualimu wa chuoni na madaraka makubwa. Lakini aliyekwisha ajiriwa aweza kuifuata baadaye, akiwa na mshahara. Na ambaye cheti chake cha kidato cha nne hakina Biolojia wala Kemia, naye ajisajili kuwa mtahiniwa wa kujitegemea kabla hajatia saini barua ya kuacha kazi.

Ama mpaka wa ajira wa miaka 45 wenyewe, wapo wanaosema serikali ina haki ya kupendelea vijana, kwa kuwa atakayetumikia miaka 35 analipa zaidi kuliko wa miaka 15. Hoja hiyo ina insafu, lakini haijaingia wodini usiku. Mgonjwa wa kiharusi yapasa ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgandamizo, asafishwe, abadilishwe shuka, naye ni mzee wa heshima anayeona haya mbele ya binti wa rika la mjukuu wake. Sista aliyekwisha uguza wazazi wake mwenyewe humwambia, “Shikamoo baba, tugeuke kidogo,” na mzee akakubali. Stahamala ya namna hiyo chuo hakiwezi kuimaliza kuifundisha, nasi tunaifungia nje kwa tarehe ya kuzaliwa.

Naiomba Ofisi ya Rais, Utumishi, iupandishe mpaka huo wa ajira hadi miaka 50 kwa kila muuguzi mwenye leseni hai.